Mnara Uliopoteza Nuru Yake

Mwambie mtu wa Mwanza akuoneshe mnara. Atanyoosha kidole kuelekea juu ya vilima, kwenye vyuma virefu vya kampuni za simu. Hajakosea, maana hiyo ndiyo minara anayoijua. Lakini neno lenyewe lilizaliwa likiwa na mwanga ndani yake. Limetoka katika Kiarabu, *manara*, mahali panapotoa nuru, na ni ndugu wa damu wa nuru yenyewe, wa Madina ikiitwa *al-Munawwara*, wa Anwar na Munira tunaowaita majumbani kila siku. Kwetu mnara ukawa wa msikiti, ukawa wa saa, ukawa wa kumbukumbu, ukawa wa simu, na kila ulipohamia uliacha nuru kidogo njiani. Mwishowe tulipotaka kuutaja ule unaomulikia mabaharia, ilibidi tuongeze: mnara *wa taa*. Istilahi hiyo inataja mwanga mara mbili, na wenye kuitumia wanausikia mara moja tu.

Sioni kuwa ni kosa. Lugha hufanya hivyo neno linapochakaa: huweka kiraka. Ninachosikitikia ni kwamba kwa watu wengi hata kiraka kimekuwa kigeni. Kwenye bahari bado kipo cha kukigusa. Kisiwani Chumbe, kusini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, mnara wa taa wa mwaka 1904 ungali umesimama, na mgeni hupanda ngazi zake kutazama matumbawe na msitu. Huku ziwani, taa za kuongozea meli mara nyingi ni taa ndogo juu ya chuma au boya, si jumba la mawe la kupigiwa picha. Zikizimika, hakuna anayeandika tanzia.

Na bado zilihitajika. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, mji ukawa mahali ambapo treni inakabidhi mzigo kwa meli, na meli za Bukoba zikazoea kusafiri usiku kucha. Ghuba ya Mwanza ina miamba inayochomoza majini na mingine inayojificha chini kidogo tu ya uso wa maji. Nahodha anayeingia alfajiri hana nafasi ya kubahatisha.

Hapa neno jingine linanisimamisha: pwani. Wa pwani hulitumia bila kulifikiri, lakini ndani yake kuna kitenzi *-pwa*, maji kurudi nyuma. Pwani ni mahali maji yanapokupwa. Ziwa Viktoria halina kupwa na kujaa kwa kila siku, kwa hiyo kwa haki ya neno halina pwani. Lina ufukwe, lina ukingo, lina mwalo. (Mwalo wa dagaa na mwale wa taa vinatofautiana kwa irabu moja ya mwisho. Sidai undugu wowote. Nafurahia tu kwamba vinakaa jirani, kama vinavyokaa pale Mwaloni Kirumba kabla hapajapambazuka.)

Ila nimekuja kuamini kwamba ziwa nalo linakupwa na kujaa, isipokuwa mshale wa saa yake unatembea kwa kipimo cha umri wa mtu. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 1961 ziliinua maji kwa zaidi ya meta 2, hadi kilele cha 1964. Mwaka 2006 yalikuwa yameshuka sana, kwa ukame na kwa maji yaliyoachiliwa kupitia mabwawa ya Jinja. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma meta 13.42, sentimeta moja juu ya rekodi ya 1964. Mialo ikazama, mashamba ya ukingoni yakaingia majini. Aliyezaliwa mwaka wa kupwa akajenga palipokuwa pakavu, akiamini kwamba ukingo ni mstari.

Shuleni tulifundishwa kuuita ulaji huu wa ardhi *mmomonyoko*, na ni neno zuri sana: ukilitamka unasikia ukingo ukivunjika kipande kwa kipande. Watu wa ufukweni husema kwa ufupi zaidi, kwamba maji yamekula. Nje ya Pangani, kisiwa cha Maziwe kiliwahi kuwa na miti. Leo ni tuta la mchanga ambalo bahari hulifunika kila inapojaa. Mahali pa namna hiyo ungeusimika wapi mnara wako?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingoni, na "mita 60" imekuwa msamiati wa kila mwalo. Lakini meta 60 kutoka ukingo upi, wa 2006 au wa 2020? *Ukingo* ni mtoto wa *kukinga*. Aliyeuita hivyo aliuona kama ngao, si kama mstari wa kupimia, na nadhani aliona vyema kuliko sisi wenye futikamba.

Ndiyo maana sipendi kuhifadhi kuishie kwenye kupaka rangi mnara. Neno hilo pia ni la Kiarabu, na kabla halijawa la majengo ni la moyoni: mtoto wa madrasa huhifadhi sura. Mvuvi wa Ukerewe naye amehifadhi. Anajua jiwe lipi akiliweka sambamba na kilima kipi atapita salama. Usiku usio na mwezi, mitumbwi ya dagaa inapowasha taa hadi ziwa lionekane kama mji, yeye anarudi nyumbani akielekea taa nyekundu iliyo juu ya mnara wa simu. Taa ile iliwekwa kwa ajili ya ndege. Yeye ameifanya yake, na kwa saa zile chache mnara unarudi kuwa *manara*.

Wanaopanga taa mpya za ziwa letu, nawaomba waanzie Mwaloni kabla ya kufungua ramani. Waulize ni mawe yapi yalibaki makavu mwaka 2020, na wazee wanakumbuka yapi ya 1964. Mawe hayo yana majina. Wayaandike kama yanavyotamkwa, ndipo wachimbe msingi.