"Uko Sawa?" Haitoshi

Kila Jumapili mathe alinipigia simu akaniuliza, "Uko sawa?" Kila Jumapili nikamjibu, "Niko poa." Sikuwa poa. Nilikuwa nimeacha kuingia darasani, na muhula uliofuata nikaacha chuo kabisa.

Kilichonifungua mdomo ni picha. Nilikuwa nimerudi nyumbani, mathe anatafuta picha za harusi ya binamu kwa simu yangu, akakuta moja ya chumba changu cha hosteli. "Hii ulipiga saa ngapi?" Saa saba mchana. "Na mbona pazia limefungwa?" Hapo nikaongea mpaka chai ikapoa.

Kumbe kuna watu waliligundua hili kitambo. Miaka ya 1950 huko Kanada, timu ya Chuo Kikuu cha Cornell ilikuwa inachunguza vile mazingira yanavyogusa afya ya akili katika kaunti moja waliyoipa jina la bandia, Stirling. Watafiti wenyewe hawakuwa wanakubaliana nyumba ipi ni nzuri na ipi ni mbovu. Mpiga picha wao, John Collier, akaleta picha. Wakajaribu mahojiano ya maneno matupu, halafu mengine picha zikiwa mezani. Ripoti yake ilitoka 1957: picha zilichokoza kumbukumbu, majibu yakawa na undani zaidi, na watu hawakuchoka upesi. Mimi naelewa kwa nini. Mkiangalia picha pamoja, hakuna anayekukodolea macho kama mshtakiwa.

Lakini kamera bado ilikuwa mkononi mwa mtafiti.

Mwaka wa 1973 nchini Peru, mradi wa kufunza watu kusoma, uliofuata mawazo ya Paulo Freire, uliwapa wananchi kamera. Augusto Boal, mtu wa maigizo kutoka Brazili, ndiye alisimulia kisa hiki. Watu waliulizwa maswali, wajibu kwa picha. Swali moja: unyonyaji ni nini? Mtoto mmoja akaleta picha ya msumari ukutani. Watu wazima wakashangaa, lakini watoto wenzake wakaelewa mara moja. Wengi wao walikuwa wang'arisha viatu wanaoishi mbali na mjini. Sanduku la kazi ni zito kulibeba kila siku, kwa hivyo walikuwa wanamlipa mwenye duka ili walitundike kwenye msumari wake usiku. Niambie, fomu gani ya "chagua 1 hadi 5" ingeuona huo msumari?

Mwaka wa 1992, Caroline Wang na Mary Ann Burris walifanya hivyo hivyo na wanawake 62 wa vijijini Yunnan, Uchina: piga picha za maisha yako, halafu wewe mwenyewe ueleze. Mbinu hiyo ikaja kuitwa fotovoisi, na leo watafiti wa saikolojia wanaitumia sana. Hata hapa kwetu, 1997, mpiga picha Lana Wong alishirikiana na MYSA kuwapa vijana wa Mathare kamera za bei rahisi. Huo haukuwa utafiti, lakini wazo ni ndugu: mwenye maisha ndiye ashike kamera.

Hapa ndipo nilijiona mimi. Kuna siku nilimrekodi kijana anayeokota chupa za plastiki, nikaweka wimbo wa huzuni, ikapendwa sana. Baadaye akaniambia, "Buda, siku hiyo nilikuwa na furaha. Gunia lilikuwa limejaa." Sura ilikuwa yake, maelezo yalikuwa yangu. Nilimwomba msamaha, nikaifuta.

Kwa hivyo kama una rafiki ambaye kila siku ni "niko poa," usimuulize tena kama yuko sawa. Mwambie akuonyeshe picha moja aliyopiga wiki hii, muulize ilikuwa saa ngapi, halafu unyamaze.