Kilo 20 za Nalemoru

Njia ya Rongai ya kupanda Kilimanjaro huanzia lango la Nalemoru, karibu na Tarakea. Hapo mizigo ya wapagazi hupimwa mmoja mmoja, na hakuna unaoruhusiwa kuzidi kilo 20. Utundike mzigo huo kwenye mizani ya springi, kisha uupime tena kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895. Utasoma upungufu wa gramu 20 hivi, ingawa hakuna kilichochomolewa. Nimeipanda njia hii nikiwafuata watu wa zamani waliouliza kwa nini.

Newton alijibu mwaka 1687: kila chenye tungamo huvuta kingine, na mvuto hupungua vinapoachana. Basi hata mlima huvuta. Mwaka 1774 mwanaastronomia Nevil Maskelyne alilithibitisha hilo kule Schiehallion, Uskoti, timazi ilipoinama kidogo kuelekea mlimani. Kibo, sehemu ya juu kabisa ya Kilimanjaro, nayo huivuta timazi ya fundi mwashi wa Tarakea, ila kidogo mno hata ukuta usionyeshe.

Mwaka 1899 na 1900 Wajerumani Kohlschütter na Glauning walipima mvuto katika koloni lao la Afrika Mashariki kwa pendulamu, ambayo hubembea polepole zaidi mvuto unapopungua. Katika miaka ya 1930 akaja Mwingereza Edward Bullard. Kwenye Bonde la Ufa mvuto ulikuwa hafifu, naye akaeleza kwamba bonde limebanwa pande zote mbili na kugandamizwa chini. Baadaye ikajulikana kinyume chake: ardhi inatanuka, na chini yake mna miamba ya moto, myepesi. Vipimo vilibaki, maelezo yakaanguka.

Newton naye yalimfika hayo. Kwa Einstein, mwaka 1915, hakuna kamba isiyoonekana inayovuta mzigo. Tungamo la dunia hupinda nafasi na wakati. Mzigo ukiachiwa hufuata mkondo wake bila kusukumwa na chochote. Bega la mpagazi ndilo linalousukuma juu, likiuzuia. Hata saa hutii: ya kileleni hutangulia ya Tanga, pwani, kwa kama mikrosekunde 20 kila mwaka.

Einstein naye ana mpaka wake. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Vipimo vyake vya eksirei viliwasaidia wanasayansi kutambua kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi, ambamo hata mwanga hauponyoki. Katikati ya shimo kama hilo hesabu za Einstein hugoma. Wanafizikia wa kwanta wanadhani mvuto hubebwa na chembe waiitayo gravitoni, lakini hakuna aliyewahi kuinasa.