Wangechi Mutu

Wangechi Mutu (amezaliwa Nairobi, 1972) ni msanii wa Kenya anayefanya kolaji, uchoraji, uchongaji na filamu. Alisomea Marekani, akahitimu Cooper Union mwaka 1996 na kupata shahada ya uzamili Yale mwaka 2000. Ana karakana Nairobi na New York.

Anayetaka kumfahamu aanze na kolaji. Mutu hukata picha za magazeti, akazibandika na kuzipaka wino na rangi hadi atokee mwanamke aliye nusu mtu, nusu mnyama au mashine. Katika mfululizo mmoja wa mwaka 2006, pengine ulio mkali kuliko yote, nyuso za wanawake wa namna hiyo zimeota juu ya michoro ya zamani ya vitabu vya tiba inayoonyesha uvimbe wa mfuko wa uzazi; mtazamaji huvutiwa kabla hajashtuka.

Filamu yake ya kwanza ya uhuishaji, The End of Eating Everything (2013), ilimshirikisha mwanamuziki Santigold. Mwaka 2019 sanamu zake nne za shaba ziliwekwa katika mashubaka ya mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, yaliyokuwa matupu tangu 1902.