Mgonjwa na Watu Wake

Kutoka Kivaa, karibu na mto Tana, mpaka Nairobi ni safari ya zaidi ya kilomita 100. Zamani za utawala wa Kiingereza, Mkamba aliyeshikwa na nduuka, yaani wazimu, alitazamwa kwanza na jamaa zake na mundu mue, mganga wa kwao, aliyeuliza habari za nyumba nzima kabla ya kutoa dawa. Tusiwasifu wazee kupita kiasi, kwani mgonjwa mkali aliweza kufungwa kamba. Lakini alifungwa miongoni mwa watu waliomjua jina. Akifikishwa mbele ya hakimu na kupelekwa Mathari, hata hilo alilikosa.

Hospitali ya Mathari ilifunguliwa mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui, na desturi ya kutenga haikutoka. Wazungu na Waafrika walilazwa mbalimbali, na Waafrika ndio waliosongamana. Mwaka 1938 alikabidhiwa Dk. J. C. Carothers, daktari ambaye hakuwa amesomea hasa maradhi ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapa kitabu chake, ambamo alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyepasuliwa ubongo wa mbele. Alitazama rangi kabla ya kumtazama mtu, nami naona kosa lake lilianzia hapo.

Jibu lilitoka Nigeria. Mwaka 1954 Dk. T. A. Lambo, mwenyeji wa Abeokuta aliyesomea udaktari Uingereza, alianza kazi katika hospitali ya Aro, karibu na mji wake. Hakutaka mgonjwa aje peke yake. Alimtaka afuatane na jamaa mmoja, mama au ndugu, wapange chumba katika kijiji cha jirani. Asubuhi wakaenda hospitali kwa matibabu ya kisasa, kisha wakarudi kijijini. Jamaa alipika, alifua na kumwangalia mgonjwa wake. Wenye nyumba wakapata kodi. Na mgonjwa hakusahau jinsi ya kuishi na watu. Hata waganga wa kienyeji Lambo aliwaita washauriane, ingawa dawa za hospitali hakuziacha.

Katika Kenya mambo yalikwenda polepole zaidi. Sheria mpya ya afya ya akili ilipitishwa mwaka 1989. Huko Makueni, nchi iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Machakos mpaka mwaka 1992, wataalamu walioongozwa na Profesa David Ndetei waliwafundisha wauguzi, wahudumu wa afya vijijini, waganga na viongozi wa dini kutambua maradhi haya na kuwapeleka wagonjwa kwenye zahanati. Ile sheria ya 1989 ilirekebishwa mwaka 2022, ikampa mgonjwa haki ya kushiriki mwenyewe katika kupanga matibabu yake.