Njia ya reli isiyo na reli

Najua nimepotea kidogo. Zamu za usiku zimenibana, nikitoka wodini ni kulala tu. Lakini leo nina stori, na kwa kweli inamhusu Babu kuliko inavyonihusu mimi.

Kwanza niwaambie: siku hizi natembea na mbwa. Shangazi, usicheke! Si wangu. Ni wa bibi mmoja jirani yangu hapa Bristol, aliteleza akavunjika nyonga, na mbwa wa huku hawezi kufungiwa ndani wiki nzima. Basi nikiwa na ofu namchukua mimi. Anaitwa Biscuit. Kwetu mbwa analinda nyumba, huku mbwa ndiye anamtembeza mtu.

Njia tunayopita inatoka Bristol mpaka mji wa Bath, kama kilomita 21. Hairuhusiwi magari. Ni ya waenda kwa miguu, baiskeli, mbwa na viti vya magurudumu. Miezi ya mwanzo nilishangaa kitu kimoja: Bristol ni mji wa vilima, ukienda sokoni unahema, lakini njia hii imenyooka na haina mwinuko wa kukuchosha. Penye bonde kuna tuta, penye kilima wamekikata, na pale Staple Hill wamekitoboa kabisa. Siku ya kwanza kupita ndani ya handaki lile, karibu nusu kilomita, Biscuit alibweka mwangwi ukamrudia, akadhani kuna mbwa mwingine mbele. Nikajiuliza nani alihangaika hivi kwa ajili ya watembea mbwa?

Jibu ni kwamba hawakuhangaika kwa ajili yetu. Hii ilikuwa reli. Treni haipendi mlima, ndiyo maana ardhi ilisawazishwa. Handaki la Staple Hill lilichimbwa kwa ajili ya njia ya makaa ya mawe iliyofunguliwa 1835, na mabehewa yalivutwa na farasi! Garimoshi zilikuja baadaye, na tawi la kwenda Bath lilifunguliwa 1869.

Sasa hapa ndipo hadithi inapoanza kufanana na ya kwetu. Mwaka 1963 bwana mmoja aliyekuwa mkuu wa reli za Uingereza, Dk. Richard Beeching, alitoa ripoti. Reli zilikuwa zinakula hasara, watu wananunua magari, mizigo inahamia kwenye malori. Akapendekeza zifungwe stesheni zaidi ya 2,000 na njia za maelfu ya kilomita. Watu walilalamika sana lakini nyingi zilifungwa. Treni za abiria za Bristol na Bath kwenye njia hii zilikoma 1966, za mizigo 1971. Reli zikaondolewa, vichaka vikaota.

Jumapili moja nikampigia Babu simu Nachingwea, nikamweleza kwamba nimetembea kwenye njia ya reli isiyo na reli. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe na wenyewe waling'olewa?"

Wadogo zangu, huenda hamjui, ila Babu alikuwa kibarua wa kubeba mataruma wakati reli ya kusini inajengwa. Ndiyo, kusini tulikuwa na reli! Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na shida ya mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yao ikaanzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Wakaleta matingatinga kwa wingi, na kwa kuwa karanga zingehitaji kufika baharini, wakajenga reli, kwanza kutoka Mkwaya kwenye hori ya Lindi, baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Mradi wenyewe ulianguka vibaya. Ardhi ngumu, mvua haba, mashine kuharibika, na haraka ya kutekeleza kabla ya kujaribu. Januari 1951 wakatangaza kuuacha, hasara pauni milioni 36. Reli ikabaki bila karanga za kubeba. Mizigo mingine haikutosha kulipa gharama, na 1962, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, ikafungwa na baadaye ikang'olewa.

Babu miaka yote aliamini kwamba Mwingereza aling'oa reli kwa hasira ya kunyang'anywa nchi. Nilikua nikisikia hivyo, na nadhani lilimuuma, kwamba kazi ya mabega yake ilichukuliwa kama adhabu. Kumbe hesabu ile ile iliyoifunga ya kwetu ndiyo iliyofunga za kwao wenyewe, mwaka mmoja tu baadaye. Sisemi ni sawa. Huku aliyepoteza treni alipata basi na barabara ya lami, kusini watu walibaki na vumbi na matope kwa miaka mingi. Lakini nilimsikia Babu anacheka kwenye simu, nami nilifurahi.

Ila kuna tofauti inayonisumbua. Hapa Bristol mwaka 1977 watu wa kawaida waliopenda baiskeli waliunda kikundi kinaitwa Cyclebag. Wakaikodi ardhi ya reli iliyokufa, na 1979 watu wa kujitolea wakatengeneza kipande cha kwanza, upande wa Bath hadi Bitton. Kufikia 1986 njia yote ilikamilika. Kikundi kile ndicho baadaye kikaitwa Sustrans, na njia za namna hii zikaenea nchi nzima. Mwaka 2008 ulipokuja mpango wa kupitisha mabasi hapa, wananchi walipinga mpaka ukaachwa. Pale Mangotsfield kuta za stesheni ya zamani bado zimesimama, na mtoto anaweza kupanda kwenye jukwaa lake na kuuliza hiki kilikuwa nini. Mimi naona faida yake hata kazini. Wagonjwa waliofanyiwa operesheni ya goti nawaambia wakajaribu kutembea njia ya reli, kwa sababu ni tambarare.

Sisi je? Mnaikumbuka ile njia tuliyopita kwenda shule, iliyonyooka, iliyoinuka kidogo kuliko mashamba, haijai maji hata masika? Tuliiita njia ya reli, wala hatukuuliza kwa nini inaitwa hivyo. Kumbe na sisi tulikuwa nayo! Tulitembea juu ya kazi ya Babu kila asubuhi, ila hapakuwa na ukuta wala kibao cha kutuambia.

Kwa hiyo nina ombi, na hili namwambia hasa kaka yangu mkubwa. Mara ya mwisho Babu aliniita jina la mama. Kwa kazi yangu najua hiyo ni dalili ya nini. Lakini nilipomuuliza kuhusu reli alinitajia Mkwaya, Ruo, mpaka jina la msimamizi wake, bila kusita. Kaka, chukua simu yako, kaa naye barazani, umrekodi. Akiweza kutembea mpeleke mpaka kwenye tuta, akuonyeshe ilipopita. Msiseme mpaka Krismasi, nendeni mwezi huu.

Mimi mkinitumia hiyo sauti nitaisikiliza kwenye njia ya huku, mimi na Biscuit. Msalimieni Bibi, na watoto wote. Shangazi, nikirudi nyumbani nanawa mikono, usiwe na wasiwasi!