Ufagio na Udongo: Nadhafa ya Nyumba katika Nyanza ya Kusini

Wako wadhanio ya kuwa nadhafa ya nyumba iliingia katika nchi zilizo kusini ya Ghuba ya Winam, yaani Homa Bay na Migori za leo, pamoja na sabuni, Biblia na kodi ya nyumba. Na dhana hiyo imewakaa hata baadhi ya wenyeji, kwa kuwa masomo ya usafi waliyosomeshwa shuleni yaliandikwa na wageni. Mimi naona kwamba wageni walikuta ada iliyokwisha kukomaa, wakaiongezea mambo machache yenye faida, kisha wakahesabiwa kuwa ndio waasisi wake.

Ushahidi wa kale umesimama Thimlich Ohinga, katika Migori, ambako kuta za mawe yaliyopangwa pasipo udongo wala chokaa, zilizojengwa yapata karne ya 16 na kutiwa mwaka 2018 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, zingali zikizunguka alama za nyumba, mawe ya kusagia na mazizi ya mifugo. Kuta hizo mahali pengine hupita mita 4 kwenda juu; na mtu asimamaye ndani yake hana budi kufahamu kwamba watu na ng'ombe waliolala katika duara moja wasingaliweza kukaa humo mwaka mmoja, seuze vizazi kadhaa, lau samadi isingalizolewa kila siku na kila kitu kisingalikuwa na mahali pake.

Taratibu hiyo ndiyo iliyo dhahiri katika dala, yaani boma la Wajaluo. Nyumba ya mke mkubwa, mikayi, huelekea lango. Duol, yaani kibanda cha mwenye boma, huwa karibu na zizi. Simba, yaani nyumba za vijana wa kiume, hujengwa upande wa lango. Na maghala ya nafaka huinuliwa juu ya ardhi ili panya na unyevu visiyafikie. Katika boma lililopangwa hivyo hapana haja ya kuuliza ni nani afagie wapi, maana kila mke ana uwanja wake mbele ya mlango wake, na uwanja ambao jua limeupanda kabla ya ufagio hutoa habari za mwenyewe kwa kila apitaye. Uwanja mtupu, usio na jani, humdhihirisha nyoka kabla hajafika kizingitini. Wasichana walijifunza haya katika siwindhe, nyumba ya bibi, ambamo walilala na kusimuliwa hadithi usiku, wakaamshwa alfajiri kuteka maji na kufagia.

Juu ya kazi ya kusiriba, yaani kupaka sakafu udongo na samadi, nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndiyo iliyodharauliwa zaidi na wasioijua. Kwanza vyombo vyote hutolewa nje: mitungi, vibuyu, viti, mikeka. Samadi mbichi ya ng'ombe hukandwa na udongo na maji, pengine na majivu, hata uwe uji mzito usio na kijiti. Kisha mwanamke hupiga magoti kwenye pembe iliyo mbali na mlango, na kwa kiganja kilichonyooshwa huvuta nusu duara, na nyingine ikapandana na ile ya kwanza kama magamba ya samaki, akirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Katika kule kutoa vyombo ndimo ilimo hekima ya kazi yenyewe, kwa sababu nyumba inayotolewa kila kilichomo mara kwa mara haiwezi kuficha takataka.

Mwishoni mwa karne ya 19 ada hii ilikutana na adui mpya. Funza, ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini, aliletwa Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazili, akavuka bara kwa njia za misafara, na kabla ya karne kwisha alikuwa amekwisha kufika upande wetu. Mayai ya mdudu huyu huanguka katika vumbi kavu, na mabuu yake hukulia humo. Sakafu iliyosiribwa ikashikana haimpi makao mema. Kwa hiyo kazi iliyofanywa kwa ajili ya hadhi ya nyumba ikawa kinga ya miguu ya watoto.

Mwaka 1906 Arthur Carscallen, Mkanada wa Kanisa la Waadventista wa Sabato, na Peter Nyambo, mwenyeji wa Nyasaland, walifika Kendu Bay, ikaanzishwa misheni ya Gendia, na mafundisho yao yakaenea hata Kamagambo. Jambo kubwa waliloleta katika unyumba ni mpango wa juma: Ijumaa ikawa siku ya maandalio, ambayo nyumba husiribwa, nguo hufuliwa, kuni hupasuliwa na chakula hupikwa kabla ya jua kutua, ili Sabato isiingiliwe na kazi. Kazi ya zamani ikapata siku yake.

Serikali ya kikoloni nayo ilitaka yake. Chama cha vijana wa Kavirondo, kama Nyanza ilivyoitwa wakati huo, kilichozaliwa mwaka 1921 kulalamikia kodi, kipande (kitambulisho cha kazi) na hatari ya kunyang'anywa ardhi kiligeuzwa mwaka 1923, chini ya kasisi Walter Owen, kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi, ambacho wanachama wake waliahidi kuchimba vyoo, kupanda miti na kuua panya. Waliokuja kudai ardhi wakapewa panya wa kuua. Uchungu wao ulikuwa wa haki. Walakini choo cha shimo kilibaki, na faida yake haikanushiki. Baada ya mwaka 1952 vikundi vya Maendeleo ya Wanawake viliendeleza mafundisho ya upishi, ushonaji na usafi.

Mishahara ya kiwanda cha sukari cha Sony, kilichoanzishwa Awendo mwaka 1979, pamoja na fedha za samaki wa ziwani, ilisaidia kuleta saruji na mabati. Sakafu ya saruji hupigwa deki mara moja ikang'aa, nayo ni neema kubwa kwa magoti ya akina mama. Ila makabati na makochi hayatolewi nje, na nyuma yake hukaa vumbi ambalo zamani lisingalikaa zaidi ya juma. Jikoni tu, palipojengwa kando kwa udongo, ndipo mama mwenye sebule ya saruji angali akitoa vyungu vyote nje siku ya Ijumaa na kusiriba kuanzia pembe ya ndani.