Mikato Minne Iliyowaandama Wakaren

Januari 31, 1949, mwaka mmoja tu baada ya Burma kujitawala, bunduki zililia Insein, pembezoni mwa jiji la Rangoon. Wapiganaji wa Kikaren, mojawapo ya makabila madogo ya Burma, waliushika mji huo kwa siku 112, kisha wakarudi nyuma. Vita hivyo havijaisha mpaka leo.

Katika Vita Kuu ya Pili, Wakaren wengi walisimama na Waingereza dhidi ya Wajapani, upande uleule wa askari wetu wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliopelekwa Burma. Mwaka 1942 jeshi la wazalendo wa Kibama, kabila kubwa la nchi hiyo, lililoingia pamoja na Wajapani, liliwaua Wakaren kwa kisasi. Waingereza walipoondoka hawakuwaachia hata jimbo lao. Huo, kwa maoni yangu, ulikuwa usaliti. Kiongozi wa Wakaren, wakili Saw Ba U Gyi, aliuawa Agosti 1950.

Jenerali Ne Win alitwaa madaraka mwaka 1962, na tangu hapo vita vikamgeukia mwanakijiji. Jeshi lilibuni mpango wa mikato minne: kuwakatia waasi chakula, fedha, habari na vijana wa kujiunga nao. Kwa kuwa mpiganaji hulishwa na mwanakijiji, basi mwanakijiji naye afe njaa. Vijiji vilihamishwa kwa amri, na aliyebaki nyuma alihesabiwa kuwa adui. Maghala ya mpunga yalichomwa. Mabomu yalitegwa mashambani na kwenye njia za kurudia nyumbani. Watu walikamatwa na kubebeshwa risasi na mizigo ya jeshi milimani. Familia zikajifunza kuficha mpunga msituni, mbali na nyumba.

Mwaka 1984 maelfu walivuka mpaka na kuingia Thailand. Wapo waliozaliwa huko, kwenye kambi ya wakimbizi ya Mae La, ambao sasa ni wazazi. Makao makuu ya waasi wa Kikaren huko Manerplaw yalianguka Januari 1995, baada ya askari Wabudha kujitenga na uongozi uliotawaliwa na Wakristo. Jeshi liliutumia ufa huo barabara.

Mkataba wa kusitisha mapigano wa 2015 ulileta nafuu ya muda. Majenerali walipopindua serikali Februari 1, 2021, ndege za kivita zilirudi kushambulia vijiji vya Wakaren wilayani Mutraw mwezi uliofuata. Miezi hiyohiyo vijana wa mijini, wengi wao Wabama, walikimbilia maeneo ya Wakaren kuwakwepa wanajeshi. Walikuwa wamekua wakisikia kwamba watu hawa ni waasi tu. Wakaren wakawapokea, wakawalisha, na waliotaka wakafundishwa kupigana.